Mtoto Aliyeachishwa Ziwa: Maisha ya Daktari Hugh Trowell

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tumeiandika katika insha nyingi mno, na kila mara tunaieleza kwa upande wa tabia tu: adabu, heshima kwa wakubwa, bidii ya masomo. Mimi mwaka huu nimeamua kuitazama kwa upande wa sahani. Mtoto hukua kwa kile anachokula, na akikosa kinachofaa hakui, hata alelewe kwa adabu ya namna gani. Ndiyo maana katika ukurasa huu wa watu mashuhuri sikumchagua mwanasiasa wala mshairi. Nimemchagua daktari Mwingereza aitwaye Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, akafariki mwaka 1989.

Madaktari wa dunia nzima wanamjua. Sisi tunaokaa katika nchi alizozitumikia, wengi wetu hatumjui. Lakini kama umewahi kufundishwa juu ya kwashakoo katika somo la bayolojia, ule ugonjwa wa utapiamlo ambao vitabu vingine huuita unyafuzi, basi umekwisha kula matunda ya kazi yake. Karibu, msomaji mpenzi, tumfuate mguu kwa mguu.

Trowell alizaliwa mwaka 1904. Jina lake kamili ni Hubert Carey Trowell, lakini watu walimwita Hugh. Alisomea udaktari katika hospitali ya St Thomas's mjini London, na mwaka 1929 akajiunga na utumishi wa afya wa serikali ya kikoloni, akaletwa Kenya. Hakuja peke yake. Alikuja na mkewe Margaret, mchoraji aliyesomea sanaa London. Huyu mama nitamrudia baadaye, kwa kuwa ana jambo linalotugusa sisi watu wa Kakamega hasa.

Katika miaka ile madaktari walikuwa wachache na magonjwa yalikuwa mengi. Kulikuwa na malaria, tauni, ndui na minyoo. Macho ya serikali yalikuwa kwenye magonjwa yanayoambukiza, yale ambayo ukiyapigia darubini unamwona mdudu wake. Njaa ya mtoto haikuhesabiwa kuwa ugonjwa. Mtoto akidhoofika, ilitafutwa sababu nyingine yoyote isipokuwa chakula.

Na hapa ndipo penye kitendawili. Ulikuwapo ugonjwa uliowapata watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu au minne hivi. Mtoto mwenyewe ukimtazama kwa mbali ungedhani ameshiba. Mashavu yamejaa, tumbo limetangulia, miguu minene. Kumbe ni maji! Ukibonyeza mguu wake kwa kidole, kishimo kinabaki palepale. Nywele zake nyeusi zinageuka rangi ya kutu, zinakuwa laini na kung'oka zikiguswa. Ngozi inabambuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Anaharisha. Hataki kucheza, hataki kuchekeshwa, na la ajabu zaidi, hataki kula. Wengi walikufa. Madaktari wengine walisema ni minyoo, wengine wakasema ni kaswende ambayo mtoto amerithi kwa wazazi. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na watoto waliendelea kuzikwa.

Mwaka 1935 Trowell alihamishwa kutoka Kenya kwenda Kampala, katika hospitali ya Mulago. Huko alitibu na pia akafundisha vijana wa Kiafrika waliosomea udaktari chini ya Makerere. Mulago iko juu ya kilima, na kila siku kina mama walikipanda wakiwa na watoto mgongoni. Miongoni mwa watoto hao walikuwamo wale wa miguu iliyovimba.

Kabla ya kuendelea, hebu tusafiri kidogo mpaka Afrika Magharibi, maana jina la ugonjwa huu lilitoka huko. Mjini Accra, katika nchi ambayo leo tunaiita Ghana, alikuwapo daktari mwanamke aitwaye Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica. Mwaka 1933 aliandika makala kuhusu watoto waliovimba hivyohivyo. Alichunguza wanachokula, akaona kwamba baada ya kuachishwa ziwa walilishwa uji wa mahindi na karibu hawapati kingine. Mwaka 1935 aliandika tena, na safari hii akautaja ugonjwa kwa jina ambalo kina mama wa kabila la Waga waliliita wenyewe: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake anapokuja. Mama amepata mimba nyingine, ziwa limehamia kwa mgeni, na yule wa kwanza ameachiwa uji mtupu.

Mama huyu alishikilia kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake, tena ni wa chakula. Wakubwa wa tiba kule London hawakukubali. Alikuwapo bingwa mmoja, Stannus, aliyesema kuwa huo si ugonjwa mpya bali ni pelagra, ambayo pia hubabua ngozi na huwapata watu wanaotegemea mahindi. Na Trowell je, aliyekuwa na wagonjwa wenyewe mbele ya macho yake? Alisimama upande wa wakubwa. Mwaka 1937 alichapisha makala katika jarida la magonjwa ya watoto la Uingereza akiuita ugonjwa huo pelagra ya watoto wa Kiafrika. Alikosea, na kosa lake likawa limechapishwa kwa wino, likasomwa na madaktari mbalimbali.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka huohuo wa 1937 wanasayansi wa Marekani waligundua vitamini ambayo kukosekana kwake ndiko huleta pelagra. Dawa ikawa imepatikana. Kama watoto wa Mulago walikuwa na pelagra, basi wakipewa vitamini hiyo wangepona. Walipewa vitamini. Hawakupona.

Wenzangu, hebu tujiulize mtu angefanya nini hapo. Njia rahisi ipo. Angeweza kusema kina mama walichelewa kuleta watoto, au kwamba ni wajinga na wachafu, au kwamba watoto wenyewe walikuwa na ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza. Maneno hayo tunayasikia hata leo, na aghalabu husemwa na mtu asiyetaka kurudi nyuma. Trowell alirudi nyuma. Alianza kuangalia upya kila kitu.

Jambo moja lilikuwa wazi. Pelagra inajulikana kwa watu wa mahindi. Lakini Waganda wa wakati ule chakula chao kikuu kilikuwa matoke, na wengine viazi vitamu na muhogo. Accra mahindi, Kampala matoke, mtoto ni yuleyule mwenye miguu ya maji. Kwa hivyo tatizo halikuwa mahindi yenyewe. Tatizo lilikuwa kwamba sahani ya mtoto ilikuwa na kitu kimoja cha kujaza tumbo, basi. Hakukuwa na maziwa, wala maharagwe, wala njugu, wala samaki.

Jambo la pili lilionekana kwa waliokufa. Madaktari wa Mulago walipoichunguza miili ya watoto hao walikuta ini limejaa mafuta. Mwenzake Trowell aliyeitwa Jack Davies, mtaalamu wa kuchunguza maiti, alikuta kongosho limesinyaa. Kongosho ndilo linalotengeneza majimaji ya kusagia chakula tumboni. Likisinyaa, hata chakula kizuri kikiletwa, mtoto hawezi kukimeng'enya sawasawa, naye anaharisha. Ni kama fundi ambaye mmemnyima mawe na saruji kwa mwaka mzima, halafu akawa dhaifu hata kushika mwiko hawezi. Siku mnayoleta mawe, ukuta haupandi.

Katika kazi hii alikuwa na mwenzake Mwafrika, daktari Eria Muwazi wa Uganda. Mwaka 1945 wawili hawa walichapisha makala kwa pamoja. Waliueleza ugonjwa kuwa ni utapiamlo mkali, na katika kichwa cha makala wakaliweka jina lilelile la kina mama wa Accra, kwashiorkor. Mtu aliyempinga Cicely Williams miaka minane nyuma sasa alikuwa analitumia neno lake mbele ya dunia. Ama kweli kuvuliwa nguo huchutama! Lakini huyu hakuvuliwa, alijivua mwenyewe.

Kisha kuna jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Waganda nao walikuwa na jina lao la ugonjwa huu. Waliuita obwosi, na walijua kwamba humpata mtoto ambaye mama yake amepata mimba nyingine kabla yeye hajakomaa. Yaani Accra na Kampala, watu wasiojuana, wenye lugha mbali kabisa, waliweka fumbo lilelile katika jina la ugonjwa. Jibu walilokuwa wakilitafuta mabingwa kwa darubini lilikuwa linasemwa kila siku na kina mama kwenye foleni. Sisemi kwamba kina mama walijua mambo ya protini na kongosho. Hawakujua. Lakini walijua ugonjwa unaanza lini na unaanzia wapi: siku ile ziwa linapotoka na sahani haijajaa. Daktari aliyesikiliza angefika mapema zaidi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya yaliwatuma wataalamu wawili, Brock na Autret, kuzunguka nchi za Afrika, na mwaka 1952 taarifa yao ikatoka kuonyesha kwamba kwashakoo imeenea sana barani. Mulago ilipata kituo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto chini ya daktari Rex Dean. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huu, na kwa miaka mingi kilikuwa ndicho msingi kwa waliotaka kuujua. Tiba ikawa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta. Watoto ambao zamani wangekufa wakaanza kupona wodini.

Lakini mtu akipona hospitalini hurudi nyumbani. Hapa tuseme ukweli. Mama aliyekwenda zake bila maziwa ya unga alirudi kwenye sufuria ileile ya matoke. Na mama aliyeweza kuyanunua alirudi kwenye maji machafu na chupa isiyochemshwa. Daktari Williams alikuwa amekwisha kupiga kelele juu ya hatari hiyo mwaka 1939 huko Singapore, alipotoa hotuba kali dhidi ya makampuni yaliyowashawishi kina mama waache kunyonyesha na kununua maziwa matamu ya mkebe. Kwa hivyo Mulago ikajifunza somo la pili. Mwaka 1965, Trowell akiwa amekwisha kuondoka, palifunguliwa hapo kituo kilichoitwa Mwanamugimu, jina la Kiganda linalomtaja mtoto mwenye afya njema. Badala ya mama kukaa kando akiangalia muuguzi, alipika mwenyewe, akamlisha mwanawe mwenyewe: matoke kwa njugu, maharagwe na vitu vingine vinavyopatikana sokoni kwake. Mtoto alipopona, mama ndiye aliyekuwa ameponya, na alijua alivyofanya. Jirani akimwuliza, angemweleza.

Sasa tutoke Kampala turudi hapa kwetu. Wengine watauliza, kwashakoo ina nini na Kakamega? Si nchi yetu ni ya rutuba? Si tuna mvua, ndizi, kuku, na mboga za kienyeji za kila aina: mrenda, saga, likhubi? Ni kweli. Lakini mji si shamba. Mtaani ninakokaa, nyumba ni za chumba kimoja kimoja zilizopangwa mstari, na wapangaji wote hutumia choo kimoja. Kisima hakiko mbali na choo hicho. Mvua kubwa inaponyesha, hakuna anayejua maji ya choo yameishia wapi. Wenye pesa hununua maji kwa mtungi, na ukinunua maji kwa mtungi huwezi kuyamwaga ovyo kwa kunawa mikono kila saa.

Mama hudamka kwenda sokoni kuuza ndizi au kufua nguo za watu. Mdogo huachwa na dada yake wa miaka tisa. Uji umepikwa alfajiri na kutiwa kwenye chupa ya chai. Ni uji mwepesi, maana unga lazima ufike mwisho wa wiki. Kufikia saa tisa umepoa na kuanza kuchacha, lakini ndio huohuo. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo kama ngumi. Likijaa maji ya uji, limejaa. Analala kimya, na sisi tunasema ameshiba.

Halafu anaanza kuharisha. Kuhara na utapiamlo ni mapacha wanaobebana. Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi za mwili, chakula kinapita bila kushika, na hamu ya kula inakwisha. Anapodhoofika, kinga yake inashuka, kwa hivyo anaharisha tena upesi. Kila mzunguko unamwacha chini kidogo kuliko alipokuwa. Nimewahi kusikia mama mmoja jirani akishauriwa na wenzake asimpe mtoto maji wala chakula mpaka tumbo likauke. Ushauri huo unaua. Mtoto anayeharisha anataka maji zaidi, siyo kidogo, na kunyonya kuendelee, na chakula kiendelee.

Wanasayansi wa siku hizi wameongeza mengine ambayo Trowell hakuyajua. Wamegundua kwamba protini peke yake haielezi yote. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Malawi juu ya watoto mapacha. Mapacha walilelewa nyumba moja na kula chakula kimoja, lakini mmoja aliweza kupata kwashakoo na mwingine asiipate. Walipochunguza, waliona vijidudu vinavyoishi matumboni mwao vina mchango wake. Maswali mengine bado hayajajibiwa hadi leo. Lakini jambo moja ni dhahiri: sahani na choo ni ndugu. Huwezi kutengeneza kimoja ukaacha kingine.

Turudi kwa daktari wetu tumalize safari yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alistaafu na kurudi Uingereza. Huko hakuketi kuota jua. Alikuwa Mkristo mwenye imani sana, akasomea na kuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana karibu na mji wa Salisbury. Lakini kabla ya kuondoka Kampala alikuwa ameanza kuona jambo jipya. Alipofika Kenya mwaka 1929, Waafrika wanene walikuwa wachache mno, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Mwafrika ulikuwa kama haupo. Mwaka 1956 aliandika juu ya mgonjwa mmoja Mwafrika aliyekuwa nao, na taarifa hiyo ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Alipozuru tena mwaka 1970 alishangaa kuona katika miji yetu watu wengi wanene na kliniki za kisukari.

Akishirikiana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa naye Mulago, alianza kuuliza: chakula gani kimebadilika? Wakalitazama kapi, zile nyuzinyuzi za nafaka, maharagwe na mboga ambazo hazisagiki tumboni na ambazo viwanda huziondoa ili unga uwe mweupe. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa yanayofuatana navyo, na mwaka 1981 kingine. Kwa hivyo ukiona daktari anamwambia babu yako mwenye presha au kisukari apunguze unga mweupe wa pakiti na kula unga wa posho na mboga, hapo pia Trowell ana mkono wake.

Mtu mmoja, nusu ya kwanza ya kazi yake ikawa juu ya watoto wanaokufa kwa kukosa chakula kinachofaa, na nusu ya pili juu ya watu wazima wanaokufa kwa chakula kisichofaa. Na hapa Kakamega leo magonjwa yote mawili yanaweza kukaa chumba kimoja: mtoto ana miguu ya maji, nyanya yake ana kisukari. Sahani ni ileile, ugali mweupe na soda siku za sikukuu.

Nilisema nitamrudia mama Margaret. Mwaka 1937, mwaka ule ambao mumewe alichapisha kosa lake, yeye alianza kufundisha Waafrika kuchora na kuchonga katika baraza ya nyumba yao. Madarasa hayo yalikua yakawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo ilipewa jina lake. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, mtu wetu kabisa. Maloba ndiye aliyeunda sanamu ya uhuru iliyosimamishwa mjini Kampala mwaka 1962. Alipotakiwa kuonyesha taifa jipya, hakuchonga mwanajeshi wala mfalme. Alimchonga mama aliyemwinua mtoto wake juu kwa mikono miwili. Sijui picha gani ingefaa zaidi kwa nchi ambayo watoto wake wengi walikuwa wamekwisha kuletwa Mulago miguu ikiwa imevimba.

Basi sisi tulio shuleni tufanye nini? Si lazima tungoje kuwa madaktari. Wengi wetu tuna wadogo nyumbani, na likizo ndefu ndiyo hiyo inakuja.

Kwanza, mtoto anyonye ziwa peke yake miezi sita, na aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi. Uzazi upangwe ili asije akapinduliwa kabla ya wakati.

Pili, uji uwe mzito, tena uwe na mwenziwe. Kijiko cha njugu zilizosagwa, au unga wa omena, au maharagwe yaliyopondwa, au yai. Zamani kwetu Waluhya kina mama walikatazwa kula kuku na mayai. Mila hiyo imekwisha katika nyumba nyingi, na pale ilipobaki hata chembe, ni afadhali iishe. Leo hospitali huwatibu watoto wa utapiamlo kwa lishe ya pakiti ambayo msingi wake ni njugu zilizosagwa. Njugu zipo hapa sokoni.

Tatu, mtoto akiharisha apewe dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini kutoka kliniki, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Dawa hiyo ikikosekana kwa muda, chemsha maji lita moja, yapoe, tia vijiko sita vya chai vya sukari visivyo na kilima na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo, mara nyingi. Akiwa na damu kwenye choo, au macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, mpeleke hospitali mara moja.

Nne, jifunze kutazama. Bonyeza miguu yote miwili ya mtoto kwa vidole gumba, uhesabu polepole hadi tatu. Kishimo kikibaki katika miguu yote miwili, huyo si wa kutibiwa nyumbani kwa maji ya sukari wala kwa chakula kingi cha ghafla. Ni wa hospitali siku hiyohiyo. Wahudumu wa afya wa mitaani nao wana utepe wa kupimia mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 utepe huonyesha nyekundu, na nyekundu maana yake hatari.

Tano, nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kumlisha mtoto, hata kama maji ni ya kununua. Maji ya kunawa ni bei nafuu kuliko jeneza dogo.

Na walimu wetu mnisamehe nikisema jambo la mwisho. Tunasoma kwashakoo kwa ajili ya mtihani, tunaandika dalili tano, tunapata alama tano, tunakwenda zetu. Hugh Trowell aliisoma kwa kumtazama mtoto, akakosea, akamtazama tena. Hata daktari wa London alihitaji miaka minane kukubali kile ambacho mama wa Kampala alikuwa amekitia katika jina la ugonjwa. Sisi tunaishi na kina mama hao, tunazungumza lugha zao, na uji wa wadogo zetu tunauona ukipikwa. Likizo hii ukifika nyumbani, funua sufuria ya mdogo wako utazame ndani mna nini.